Sketi ya kibaharia isiyofanana na sare ya shule: mwongozo kamili wa kuchora pateni na kushona

Ukitaka kushona sketi ya kibaharia hapa Mtwara, mpinzani wako wa kwanza ni shule ya msingi. Kwa jicho la Mtanzania yeyote, bluu iliyokoza pamoja na nyeupe ni darasa la saba. Shona sketi ya bluu yenye marinda, vaa na blauzi nyeupe, toka nayo jioni kuelekea ufukwe wa Shangani, uone kama hutaulizwa mtihani lini. Kwa hiyo kazi nzima ya mwongozo huu ni kupata sketi ambayo mtu akiiona anafikiria bahari, wala hakumbuki paredi ya asubuhi. Tofauti hiyo inaletwa na mkato na mistari. Picha ya nanga iliyobandikwa pajani haiwezi kuileta.

Tunachoazima kutoka kwa mabaharia ni kidogo. Jeshi la Wanamaji la Uingereza liliweka sare rasmi ya mabaharia wake wa kawaida mwaka 1857, na kola yake ya bluu ilikuwa na mistari mitatu myeupe pembezoni. Mwaka uliofuata Ufaransa ikaamuru fulana ya milia kwa mabaharia wake: mlia mweupe wa milimita 20, wa bluu milimita 10. Suruali za mabaharia nazo zilikuwa na pande la mbele linalofungwa kwa vifungo vya huku na huku, badala ya zipu ya katikati. Mimi nachukua pande la mbele, safu mbili za vifungo na mistari mitatu ya pindoni, basi. Ukiongeza kamba, nanga, usukani na milia kwenye sketi moja, umeshona pambo la hoteli.

Umbo letu ni sketi iliyotanuka kidogo kuelekea chini, inayovuka goti, yenye mkanda wa kiuno na zipu nyuma. Haina rinda hata moja, na hiyo ndiyo hatua ya kwanza ya kuikimbia sare.

Kitambaa na vifaa

Tafuta drili ya pamba au kadeti ya uzito wa kati. Wauzaji wa vitambaa vya sare watakutolea tetroni (kitambaa chenye nyuzi za plastiki) haraka kwa sababu haijikunji na bei yake ni nafuu, lakini kwa joto na unyevu wa pwani hii tetroni inashika jasho mapajani kabla hujafika stendi. Kama huna hakika na unachouziwa, omba uzi mmoja kutoka ukingo wa jora, uuwashe kiberiti. Pamba inaungua ikabaki majivu laini yenye harufu ya karatasi iliyoungua. Uzi wa plastiki unayeyuka na kuacha kipunje kigumu.

Kwa vipimo vya mfano vya hapa chini, kitambaa cha upana wa inchi 60 nunua mita moja na nusu. Cha inchi 45, chukua mita mbili. Ongeza stifu ya kubandika kwa pasi inayotosha mkanda, zipu ya inchi 8, kulabu moja, vifungo 8 vya upana wa robo tatu ya inchi, mita nne na nusu za utepe mweupe wa robo inchi, uzi wa bluu na uzi mweupe. Sindano ya cherehani iwe namba 14, na kama drili ni nene panda hadi 16.

Zipu iwe ya meno ya plastiki. Hewa ya chumvi haina huruma: zipu ya chuma inashika kutu na kuacha doa la kahawia ambalo halitoki, na vifungo vya shaba vinavyopendeza dukani vinaota ukijani. Pini na sindano zako pia zifute kwa kitambaa chenye tone la mafuta ya cherehani kabla ya kuzirudisha koponi.

Kabla ya kitu kingine chochote, loweka kitambaa. Pamba hujikunyata ikioshwa mara ya kwanza, na bluu iliyokoza hutoa rangi. Ukiruka hatua hii, mistari yako myeupe itageuka samawati siku ya kwanza ya kufua. Fua, badilisha maji mpaka yawe meupe, anika, kisha piga pasi kikiwa bado na unyevunyevu. Halafu kijaribu: lowesha kipande cheupe, kilaze juu ya kitambaa, pitisha pasi ya moto. Kipande kikitoka na bluu, rudi kwenye beseni. Utepe nao uoshe, hasa kama ni wa pamba.

Vipimo

Vipimo ni vinne: kiuno, hipsi (sehemu nene kuliko zote za makalio), umbali wa kutoka kiuno hadi hipsi, na urefu wa sketi. Funga uzi kiunoni kwanza, mwambie anayepimwa ajipinde kulia na kushoto, na pale uzi utakapotulia ndipo kiuno kilipo. Wengi wetu tunaonyesha kiuno pale tunapofungia khanga, na hapo sipo.

Hipsi ipime akiwa amesimama, kisha ipime tena akiwa ameketi. Namba ikipanda zaidi ya inchi 2, ongeza tofauti hiyo kwenye nafasi ya kupumulia, maana sketi hii itapanda bajaji na bodaboda.

Mfano wetu: kiuno inchi 30, hipsi 40, kiuno hadi hipsi 8, urefu 27 bila kuhesabu mkanda. Kiuno tunakiongezea inchi 1 ya kupumulia, kinakuwa 31. Hipsi tunaiongezea 2, inakuwa 42.

Kuchora pateni

Karatasi za kaki za dukani zinafaa. Magazeti yaliyogundishwa nayo yanafaa, mradi uyapige pasi yasiwe na mikunjo. Uwe na rula ndefu iliyonyooka kwelikweli. Sketi yenye maua mengi inaficha upotofu wa nusu inchi, lakini hii yenye mistari mitatu myeupe juu ya bluu haifichi kitu.

Anza na mbele. Upande wa kushoto wa karatasi piga mstari wima wa inchi 27. Juu ni A, chini ni C, na inchi 8 chini ya A weka B. Mstari huu ndio katikati ya mbele. Kutoka A, B na C piga mistari mitatu ya kwenda kulia, kila mmoja ukiwa mraba na ule wa wima. Usikadirie kwa macho. Tumia kona ya daftari.

Kwenye mstari wa A pima robo ya kiuno ukijumlisha inchi 1 ya dati, yaani ile pembe nyembamba inayokunjwa na kushonwa ili kiuno kibane. Robo ya 31 ni 7 na robo tatu, ukijumlisha 1 unapata 8 na robo tatu. Weka D. Kutoka D panda juu nusu inchi, weka E. Kwenye mstari wa B pima robo ya hipsi: 42 gawa kwa 4 ni 10 na nusu. Weka F. Kwenye mstari wa C chukua kipimo hichohicho cha F, ongeza inchi 2 na nusu za kutanua, unafika 13. Weka G.

Sasa unganisha. E hadi F ni mstari unaotuna kidogo kwa nje, kama nyonga yenyewe inavyotuna. F hadi G ni rula, hakuna kutuna. Mahali mistari hiyo inapokutana pale F pasionekane kona. Ilainishe kwa mkono. A hadi E piga mstari unaobonyea kidogo. Pindoni, mstari wa pembeni umelala, kwa hiyo ukiacha G palepale sketi itaning'inia pembeni. Panda kwenye mstari wa pembeni robo inchi hivi, kisha peleka mstari laini kuelekea C. Kona ya pindo na ubavu ndiyo inayotakiwa kuwa mraba.

Linabaki lile pande la kibaharia, ambalo fundi mwingi anashona sketi ya kawaida halafu analibandika juu. Usifanye hivyo. Likibandikwa linatuna, na linaacha dati mbili zikijitokeza chini yake. Badala yake, dati iingize ndani ya mshono wa pande. Kutoka A pima inchi 4 weka alama, pima 5 weka nyingine. Katikati yake, pale 4 na nusu, shuka inchi 4 weka nukta. Unganisha alama mbili na nukta hiyo, upate pembe nyembamba. Kutoka kwenye nukta shusha mstari wima hadi pindoni, ukienda sambamba na katikati ya mbele. Kata karatasi kwenye mstari huo na uitupe ile pembe. Una vipande viwili: pande la kati na pande la ubavu. Ncha ya pale dati ilipoishia ilainishe, isije ikatoa kichuguu tumboni.

Nyuma inachorwa vilevile, kwa tofauti tatu. Kiuno ni robo ya 31 ukijumlisha inchi 1 na robo, yaani 9, kwa sababu nyuma ina mwili mwingi wa kubana. Katikati ya nyuma shusha kiuno robo inchi chini ya A. Dati inabaki dati ya kawaida: weka katikati yake inchi 4 na nusu kutoka katikati ya nyuma, upana inchi 1 na robo, kina inchi 5 na nusu. Hipsi na pindo ni zilezile.

Hakiki kabla ya kwenda mbele. Kiuno cha mbele bila dati ni 7 na robo tatu, cha nyuma bila dati ni 7 na robo tatu, mara mbili kila kimoja, jumla 31. Pima pia mshono wa ubavu wa mbele na wa nyuma kwa futikamba iliyosimama kwa ukingo wake, ifuate mkunjo. Ikitofautiana, rekebisha pale E.

Mkanda ni mstatili tu: urefu 31, ongeza 1 na nusu ya kupishana na 1 ya mishono, unapata 33 na nusu, upana inchi 4, ambao ukikunjwa na kushonwa unabaki 1 na nusu.

Mwisho ongeza nafasi ya mishono: nusu inchi kiunoni na kwenye mshono wa pande, robo tatu ubavuni, inchi 1 katikati ya nyuma, inchi 1 na nusu pindoni. Andika kwenye kila kipande jina lake, idadi ya kukata na mshale wa uelekeo wa uzi.

Jaribio

Kata kwanza kwa shuka kuukuu. Unganisha kwa bandi, mshono mrefu wa kufumuka kirahisi, umvalishe mwenyewe. Mikunjo inayolala kiunoni na kuvuta kuelekea hipsi inasema hipsi imebana; fungua ubavuni. Pindo la nyuma likipanda juu kuliko la mbele, makalio yanaidai sketi urefu, na urefu huo unaongezwa juu kiunoni, wala si chini. Kukiwa na mkunjo mlegevu chini ya mkanda nyuma, shusha kiuno cha nyuma robo nyingine. Yahamishie mabadiliko yote kwenye karatasi.

Mwambie pia akae, apande ngazi, anyanyue mguu kana kwamba anaingia kwenye boti ya kuvuka kwenda Msanga Mkuu. Pindo la inchi 52 humtosha mtu wa vipimo hivi. Mwenye hatua ndefu muongezee nusu inchi kila ubavu.

Kukata

Kunja kitambaa uso kwa uso, kingo zikutane. Pande la kati linakaa kwenye mkunjo. Pande la ubavu na nyuma vinatoka viwili viwili. Mshale wa uzi upime pande zote mbili hadi ukingoni, namba zilingane. Kitambaa kikikatwa hata kidogo kwa mshazari, pande la kati litajisokota baada ya kufuliwa, na safu ya vifungo itakwenda nalo.

Drili nyingine ina mistari midogo ya mshazari inayong'aa tofauti ukiigeuza. Ukiona hivyo, vipande vyote vielekee upande mmoja. Kitambaa cha milia kiache kwa sketi ya pili. Kulinganisha milia ubavuni kunataka mita ya ziada na subira ambayo mgeni wa cherehani hana.

Kushona

Piga oveloki kingo zote isipokuwa kiuno. Asiye na mashine hiyo apeleke kwa fundi mwenye nayo. Tahadhari ya hapa kwetu tu: usipange kufanya hivyo kuanzia Oktoba, korosho zikianza kuuzwa. Pesa ikishuka vijijini kila mtu anataka nguo mpya, na mafundi wanalala na foleni.

Shona dati za nyuma kutoka kiunoni kuelekea nchani. Nchani usirudishe cherehani nyuma. Acha nyuzi ndefu ufunge fundo kwa mkono. Zilaze kwa pasi kuelekea katikati.

Unganisha pande la kati na mapande ya ubavu. Nafasi ya mshono ilaze kuelekea katikati, halafu kwa juu, upande wa pande la kati, piga mistari miwili ya uzi mweupe: mmoja ukigusa mshono, wa pili robo inchi kutoka hapo. Kwa sababu kitambaa kimelala upande huo, pande linainuka kidogo na kuonekana kama limewekwa juu, ingawa ni mshono tu. Matanga ya turubai nayo huungwa kwa mshono wa kulazwa na kupigwa mara mbili. Ongeza urefu wa hatua ya mshono kidogo kwa uzi huu mweupe, ukanyage cherehani polepole bila kusimama katikati. Mahali uliposimama huonekana.

Kisha funga mbavu zote mbili, upige pasi mishono ifunguke. Katikati ya nyuma paache wazi. Wengi hapa wanakimbilia zipu, na ndiyo maana tepe zao zinawatesa.

Mistari mitatu

Tepe zishonwe sketi ikiwa bado imefunguka, imelala mezani. Kutoka ukingo wa chini pima inchi 1 na nusu ya upindo, piga chaki: hapo ndipo pindo litakapokunjwa. Kutoka hapo panda inchi 2, piga mstari wa kwanza. Wa pili uwe nusu inchi juu yake, wa tatu nusu inchi tena. Kwa utepe wa robo inchi, nafasi ya bluu inayobaki katikati ni robo inchi, sawa na utepe wenyewe. Pima kila inchi 3 ukizunguka, kwa sababu pindo lina mkunjo kidogo na rula ndefu itakudanganya.

Utepe wa satini unang'aa, unateleza, na pasi ikizidi moto unajikunja. Wa pamba ni bora. Usipoupata, kata vipande vya mshazari vya nusu inchi kutoka poplini nyeupe, kunja kingo ziingie ndani, piga pasi. Vitafuata mkunjo wa pindo bila kubishana.

Shika kwa bandi kwanza, si kwa pini peke yake. Shona ukingo wa chini wa kila utepe, rudi mwanzoni ushone wa juu, zote mbili ukielekea upande mmoja. Ukienda kulia kwa ukingo mmoja na kurudi kushoto kwa mwingine, utepe unasokotwa na kutoa mawimbi ambayo pasi haiyaondoi.

Kuna mteja atakayekuja na, "Fundi, na nanga je? Niwekee moja hapa mbele." Mjibu tu, "Dada yangu, vaa kwanza hivi, ukiitaka bado, nitaiweka." Harudi.

Sasa ndiyo funga katikati ya nyuma kutoka chini hadi inchi 8 chini ya kiuno. Kila ncha ya utepe ichome pini ikutane na mwenzake, ipige bandi, ugeuze uangalie kwa nje kabla ya cherehani. Zipu iingie pale juu kwa njia uliyoizoea.

Mkanda hauna maajabu. Bandika stifu, uunganishe na kiuno uso kwa uso, kunja, funga ncha, shona kwa ndani kwa mkono au kwa cherehani, tia kulabu. Ila mishono ya pande la kati ikae sawasawa kulia na kushoto kutoka katikati ya mkanda. Pima.

Tundika sketi usiku mzima kabla ya kupinda, ishuke inavyotaka kushuka. Asubuhi pima kutoka sakafuni mwenyewe akiwa ameivaa, halafu pinda kwa mkono, mshono wa kujificha. Uzi wa cherehani unaozunguka chini ya tepe unakuwa mstari wa nne, na hatukuuomba.

Vifungo na matunzo

Vifungo ni vinne kila upande, nusu inchi ndani ya ukingo wa pande la kati. Cha kwanza kikae inchi 1 chini ya mkanda, vinavyofuata inchi 2 kutoka kimoja hadi kingine. Ni pambo tu. Zipu ndiyo inayofanya kazi, kwa hiyo matundu hayahitajiki. Nyuma ya kila kimoja weka kipande kidogo cha kitambaa ili uzi usikate drili, na zungusha uzi shingoni mwa kifungo mara mbili tatu. Tia cha juu kulia na cha juu kushoto kwanza, simama mbali, uangalie. Kama viko sawa, ndipo uendelee na vingine.

Unapopiga pasi ya mkaa, tepe zifunike kwa kitambaa chenye unyevu. Cheche moja ya jivu inatosha kuharibu. Fua peke yake mara chache za mwanzo, geuza ndani nje, anika kivulini, kwani jua la hapa linaipausha bluu upande mmoja. Na usiivae shambani msimu wa mabibo. Maji ya bibo yakigusa utepe mweupe yanaacha doa la kahawia, na sabuni yoyote utakayojaribu utaimaliza doa likiwa palepale.